Kabureta au injeksheni? Muulize fundi kwanza



Barua ya wiki hii imetoka mbali. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Tanga ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi katika mji mmoja wa viwanda huko Uingereza. Anasema amebakiza miaka miwili astaafu, watoto wamekwisha kusoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ana akiba ambayo hakuna mtu aliyeiombea shida. Anataka ajinunulie kitu alichokitamani tangu alipofika ugenini akiwa kijana: gari la spoti la zamani, lile la viti viwili na paa la turubai, aina ya Triumph TR6. Amepata mawili. Yote ni ya mwaka 1972, yote ni mekundu, na bei zake zimepishana kidogo tu. La kwanza liliuzwa likiwa jipya hapo hapo Uingereza, nalo lina injeksheni. La pili lilipelekwa Marekani, likaishi huko, kisha likarudishwa kwao, nalo lina kabureta mbili. Anauliza achukue lipi. Mkewe, anasema, amekwisha kumpa jibu: asichukue lolote.

Katika ugomvi wa nyumba ya watu sitaingia. Lakini swali lenyewe nimelipenda, kwa kuwa nyuma yake ipo historia ndefu, na ndani ya historia hiyo wamo marubani wa vita, matajiri wa New York, sheria za moshi, na baba yangu mdogo.

Tuanze na kabureta, maana ndiye mkubwa wa nyumba. Injini ya petroli haichomi petroli peke yake. Huchoma hewa iliyochanganywa na petroli kidogo, na kazi yote ni kupata mchanganyiko huo kwa kipimo. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza, na wazo lake ndilo lililoendesha magari ya dunia kwa karibu miaka mia. Hewa inayovutwa na injini hupitishwa mahali pembamba kama koo la chupa. Inapopita hapo huenda kasi, na shinikizo lake hupungua. Hapo kooni kuna kitundu kidogo, jeti, kilichounganishwa na kibakuli cha petroli. Shinikizo la hewa likipungua, petroli hufyonzwa yenyewe, ikatawanyika kama manukato na kuingia kwenye silinda. Ndani ya kibakuli mna boya linalofungua na kufunga mlango wa petroli, kama lile la tangi la chooni. Basi, hiyo ndiyo kabureta. Haihitaji umeme, na kipimo chake kinatokana na pumzi ya injini yenyewe.

Uzuri wa chombo hiki ni kwamba mtu mmoja mwenye bisibisi na masikio mazuri anaweza kukitawala. Wengi wetu tuliokulia mijini tumemwona fundi aliyeinama chini ya mwembe, boneti wazi, sikio moja limeelekezwa kwenye injini kama daktari, mkono ukizungusha skrubu robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka mlio ukatulia. Hakuwa na kitabu wala mashine ya kupimia. Jeti ikiziba aliifungua, akaipuliza kwa mdomo, akatema petroli pembeni, akairudisha.

Ubaya wake ni kwamba kabureta haijui inakokwenda. Dereva anayetengenezewa gari lake Mombasa, kwenye usawa wa bahari, akipanda mpaka Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu, anakuta hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kabureta ya kawaida haina habari hiyo. Huendelea kutoa petroli karibu kama mwanzo, mchanganyiko ukawa mzito, gari likatoa moshi mweusi na kulegea kwenye mlima. Aidha, petroli iliyomo kibakulini hufuata sheria za maji ya ndoo. Gari likikata kona kwa nguvu, petroli huegemea upande mmoja, na jeti huweza kubaki kavu.

Jambo hili la ndoo lilipata umuhimu wa kutisha mwaka 1940, katika anga la Uingereza. Ndege za Kiingereza za Spitfire na Hurricane zilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin, yenye kabureta. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109 zilikuwa na injini ya Daimler-Benz yenye injeksheni, yaani pampu iliyosukuma petroli moja kwa moja ndani ya kila silinda. Mjerumani akifukuzwa alisukuma usukani mbele kwa ghafla na kupiga mbizi. Mwingereza akimfuata vivyo hivyo, petroli iliruka juu ndani ya kibakuli cha kabureta, injini ikakohoa na kukata kwa sekunde chache. Katika mapambano ya aina ile sekunde hizo zilitosha kumpoteza adui, au kupoteza roho. Marubani wa Kiingereza walilazimika kuipindua ndege chali kwanza ndipo wapige mbizi, ili petroli ibaki mahali pake.

Aliyewapunguzia taabu ni mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, wa taasisi ya utafiti wa ndege iliyokuwa Farnborough, ambaye pia alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano mwenye sifa zake. Mwaka 1941 alibuni kijisahani cha chuma chenye tundu katikati, kilichowekwa kwenye njia ya petroli kuizuia isifurike. Kilikuwa kitu kidogo mno kwa umbo, lakini kilisaidia sana, na kilifungwa viwanjani bila kuing'oa injini. Rolls-Royce nao walikuwa na hoja yao ya kubaki na kabureta. Petroli ikinyunyizwa mapema huipoza hewa inayoingia, na hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo hutoa nguvu zaidi. Nawaomba wasikilizaji waikumbuke hoja hiyo, maana tangu siku hizo ubishi huu haukuwa wa mwerevu na mjinga. Kila upande ulikuwa na sababu zake.

Vita vilipokwisha, Wajerumani walibaki na ujuzi wa pampu. Mwaka 1952 Mercedes-Benz walishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kwa gari la 300 SL lenye kabureta tatu, na nguvu za farasi takriban 170. Mwaka 1954 walileta New York gari la barabarani la jina hilo hilo, lile ambalo milango yake hufunguka kwenda juu kama mbawa. Safari hii injini ya lita 3 ilikuwa na injeksheni ya Bosch iliyosukuma petroli ndani ya silinda, na nguvu zilifika 215. Yalitengenezwa magari 1,400 tu ya mbawa hizo, na leo moja huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja.

Hata hivyo gari hilo lilikuwa na tabia moja ambayo wauzaji hawakupenda kuitaja. Pampu yake ilizungushwa na injini. Dereva akizima swichi, cheche za plagi hukatika, lakini injini huzunguka mara chache kabla ya kusimama, na pampu huendelea kutoa petroli isiyochomwa. Petroli hiyo iliosha oili kwenye kuta za silinda ikateremka chini kuichafua. Mwenye gari aliyekwenda sokoni na kurudi kila siku, bila kuipa injini safari ndefu ya kuichemsha, alikuwa akiimaliza polepole. Ilimpasa abadili oili mapema mno. Gari lililobuniwa kwa barabara kuu za Ujerumani halikupenda kutumwa kununua mkate.

Wamarekani hawakukubali kuachwa. Mwaka 1957 Chevrolet waliweka injeksheni yao wenyewe, iliyotengenezwa na tawi lao la Rochester, katika gari la spoti la Corvette. Injini ilikuwa na ujazo wa inchi 283, yaani kama lita 4.6, na nguvu za farasi 283. Matangazo yalijivunia jambo hilo, nguvu moja kwa kila inchi. Gari lenyewe lilianzia dola 3,176, na injeksheni ilikuwa nyongeza ya dola 484. Katika Corvette 6,339 za mwaka huo, 1,040 ndizo zilizochukua nyongeza hiyo.

Kisha yakatokea mambo ambayo msikilizaji wa Kariakoo au Gikomba atayaelewa bila kufafanuliwa. Gari lilipoanza kukohoa, mwenyewe alilipeleka kwa wakala wa mjini kwake. Fundi wa hapo alikuwa mtu mzima aliyezijua kabureta tangu utoto, na sasa anaonyeshwa sanduku la aluminiamu lenye mipira, nyaya na vibomba vinane. Wapo waliojifunza kweli, na wakaliheshimu. Wengi walijaribu siku mbili, kisha wakamshauri mteja jambo la busara: tuling'oe, tufunge kabureta. Masanduku mengi yaliwekwa pembeni ya gereji, na kutoka pembeni yakaenda jalalani. Mwaka 1965 kampuni yenyewe ilifanya hesabu. Injeksheni iliuzwa dola 538 na kutoa nguvu 375. Injini mpya kubwa zaidi, yenye kabureta ya kawaida, ilikuwa nyongeza ya dola 293 hivi na kutoa 425. Wateja 771 tu walichukua injeksheni, na mwaka uliofuata haikuwamo tena kwenye orodha. Leo masanduku yale yaliyotupwa hununuliwa peke yake kwa fedha nyingi, na mtu anayeuza Corvette ya 1957 hupekuliwa namba kama mwizi, ionekane kama kweli ilizaliwa na injeksheni au imevalishwa ukubwani.

Chrysler nao mwaka 1958 walijaribu injeksheni ya umeme iliyobuniwa na Bendix. Magari yaliyofungwa hayakuzidi dazeni chache, na karibu yote yalirudishwa kubadilishiwa kabureta. Hata hivyo wazo halikufa. Hati za ubunifu ziliwafikia Bosch wa Ujerumani, na mwaka 1967 Bosch wakatoa injeksheni ya umeme iliyofanya kazi, katika Volkswagen 1600 iliyokusudiwa Marekani. Sababu haikuwa mbio. Sababu ilikuwa moshi. California na baadaye serikali ya Washington walikuwa wamewaambia wenye viwanda kwamba gari halitauzwa kama linatoa hewa chafu kupita kiasi. Kwa hiyo kilichoanza kama silaha ya vita, kikawa pambo la matajiri, kiliingia katika gari la familia kwa amri ya sheria.

Sasa tumfikie ndugu yetu na Triumph zake.

Mwaka huo huo wa 1967 Triumph walitoa gari la TR5, lenye silinda sita na lita 2.5. Kwa wateja wa Uingereza lilikuwa na injeksheni ya Lucas na nguvu 150. Kwa Marekani gari hilo hilo liliitwa TR250, likawa na kabureta mbili za Stromberg na nguvu 111 kwa hesabu za kiwanda. Tazama kinyume hiki. Volkswagen walifunga injeksheni ili waingie Marekani. Triumph waliifungua injeksheni ili waingie Marekani. Yao ilikuwa ya kimakanika, haikuweza kutimiza masharti ya moshi kwa gharama ya maana, na wanunuzi wengi walikuwa huko. TR250 zilitengenezwa 8,484, TR5 zikawa 2,947. Mwaka 1969 ikafuata TR6, injini ile ile ndani ya mwili mpya, na ugawaji ukaendelea hivyo mpaka mwisho wake mwaka 1976. Zilitengenezwa zaidi ya 90,000, na zilizouzwa Uingereza ni 8,370 tu.

Injeksheni ya Lucas ilifanya kazi hivi. Kwenye buti, karibu na tangi, mlikuwa na pampu ya umeme iliyosukuma petroli kwa shinikizo la takriban ratili 100 kwa kila inchi ya mraba. Petroli hiyo ilikwenda mbele kwenye chombo cha kupimia, kilichozungushwa na injini, ambacho kiligawa kila silinda sehemu yake kama mama anavyopakua chakula, akiangalia nani ana njaa zaidi. Njaa hiyo ilipimwa kwa mvuto wa hewa katika bomba la kuingizia. Ikifanya kazi vizuri, waliowahi kuendesha wanasema mguu ukigusa tu, gari limeondoka.

Taabu ilikuwa kwenye pampu. Mota yake ilitokana na mota ya kufutia vioo vya mvua. Kufuta vioo ni kazi nyepesi, kusukuma petroli kwa shinikizo lile ni kazi nzito, basi mota ilipata moto. Petroli iliyozidi mahitaji ilirudishwa tangini ikiwa imekwisha kupashwa, na tangi likibaki na petroli kidogo, joto halikuwa na mahali pa kwenda. Siku ya kiangazi, kwenye foleni, petroli iligeuka mvuke ndani ya pampu, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Gari lilisimama. Inasimuliwa kwamba wapo wenye TR6 waliotembea na pakiti za njegere zilizogandishwa, wakaifunika pampu mpaka ipoe. Ikiwa njegere zinahitajika katika kiangazi cha Uingereza, hesabu ya Tanga mwezi wa pili kila mtu aifanye mwenyewe.

Matokeo yake yalifanana na ya Corvette. Kwa miaka mingi magari mengi ya Uingereza yaling'olewa injeksheni na kufungwa kabureta, tena mengine yalikuwa na kasoro ndogo tu ambayo fundi mjuzi angeimaliza kwa asubuhi moja.

Hapa naomba nimtaje baba yangu mdogo. Katikati ya miaka ya sabini alinunua gari kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Jina la gari nalihifadhi. Lilikuwa zuri, la rangi ya maziwa, nalo lilikuwa na injeksheni, neno ambalo mzee mmoja mtaani kwetu alilitafsiri kuwa ni gari la kupigwa sindano. Lilikwenda mwaka mmoja bila neno. Siku lilipoanza kukatakata, baba mdogo alizunguka gereji zote za mji. Mafundi walikuwa waungwana. Walifungua boneti, wakatazama pampu, wakafunga boneti, wakasema: mzee, sindano hii mimi siijui. Mmoja hakusema hivyo. Aliifungua. Baada yake hapakuwa na fundi aliyeweza kusema lolote.

Gari lilikaa juu ya mawe miaka mitatu, kuku wakitaga chini yake. Hatimaye akatokea kijana aliyechonga bomba la hewa, akalifunga kabureta ya gari jingine kabisa, na baada ya siku tano za matusi na majaribio likawaka. Halikuwa na mbio zake za zamani, lakini lilimpeleka baba mdogo kazini mpaka alipostaafu. Pampu ilizuia mlango wa jikoni usijifunge. Miaka mingi baadaye alipita mgeni mmoja mpenda magari ya kale, akauliza kama pampu ya asili ipo, na akataja bei ambayo baba mdogo aliomba airudie. Ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba injeksheni ni kitu cha Ulaya kisichoiweza Afrika. Historia yetu wenyewe inakataa. Mashindano ya Safari, yaliyopita katika tope na vumbi la nchi hizi, yalishindwa mwaka 1966 na 1967 na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, kwa Peugeot 404 yenye injeksheni. Mwaka 1968 ilishinda tena 404, safari hiyo mikononi mwa Nick Nowicki, katika mvua mbaya ambayo magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Miaka michache baadaye Datsun 240Z, zenye kabureta, zikashinda mwaka 1971 na tena 1973, mwaka ambao dereva wake alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Vumbi lilikuwa lile lile. Kila timu ilikuja na mafundi walioijua mashine yao kama mtu anavyojua mfuko wake.

Na hiyo Datsun ina kisa kingine, kinachowapa taabu wale wanaoapa kwamba kabureta ni salama daima. Gari lilipoingia Marekani kwa mwaka wa 1970 lilikuwa na kabureta mbili za aina rahisi, na kila fundi alizipenda. Sheria za moshi zilipokaza, kiwanda kilizibadili, na za mwaka 1973 na 1974 zilikuwa zimejaa vibomba na vali za kuzuia hewa chafu kiasi kwamba gari likipata moto lilisitasita. Wenye magari walizing'oa wakarudisha zile za zamani. Mwaka 1975 gari likaja kama 280Z na injeksheni ya umeme ya mfumo wa Bosch, nalo likawaka asubuhi kwa mara ya kwanza kama gari lenye adabu. Kwa hiyo anayechagua Datsun ya mwaka 1974 kwa sababu tu ina kabureta, huenda amechukua iliyo mbaya kuliko ndugu zake wote. Ferrari walionja kinyume chake. Mwaka 1980 waliiondolea 308 kabureta zake wakaweka injeksheni ili kupunguza moshi, na nguvu zikashuka kutoka 255 hadi 214. Mpaka leo wanunuzi huzitafuta kwanza zile za kabureta.

Basi, ndugu yangu wa Tanga, kwenye ukurasa wa mwisho wa barua yako, chini kabisa, karibu na salamu, umeandika kwamba ukistaafu utarudi nyumbani na gari utalisafirisha kwa meli. Ungeliandika jambo hilo mwanzo, ningekuwa nimekwisha kukujibu.

Kama ungebaki Uingereza, ningesema chukua la injeksheni bila woga mkubwa. Huko ndiko kwao. Kipo chama cha wenye magari ya TR tangu mwaka 1970, wapo mafundi wanaofufua vile vyombo vya kupimia, na pampu ya Lucas siku hizi hubadilishwa na wengi wakafunga ya Bosch isiyopata moto kirahisi. Mtu anayeweza kulitengeneza yuko umbali wa simu moja. Lakini Tanga simu hiyo itakuwa ya kimataifa, na chombo kitasafiri kwenda na kurudi kwa ndege, huku gari likikungoja juu ya mawe. Sitaki kuku watage chini ya akiba yako.

Kwa hiyo mimi ningetazama lile lililotoka Marekani. Stromberg zake mbili fundi yeyote mwenye subira atazielewa. Ndani yake mna mpira mwembamba ambao hupasuka kwa uzee, uwe nao wa akiba kwenye sanduku. Tikisa mihimili ya vibao vya hewa. Ikicheza, hewa inaingia isikotakiwa, na hakuna bisibisi itakayoituliza injini hiyo. Usisahau kwamba usukani wake uko kushoto, na kabla hujalipa senti ulizia forodhani kuhusu ushuru wa gari la umri huo na masharti ya usukani. Nguvu zake hazizidi sana farasi 100. Kwa barabara ya kwenda Pangani zinatosha na kubaki.

Kabla ya yote hayo, lala chini ya gari. TR6 imejengwa juu ya chasisi, na chasisi huliwa na kutu. Barabara za Uingereza humwagwa chumvi wakati wa baridi, wakati gari lililoishi katika majimbo makavu ya Marekani mara nyingi huwa na chuma kizima. Injini hutengenezeka, na mfumo wa mafuta hubadilishika. Chasisi iliyooza itakula fedha zako mpaka mkeo aonekane nabii.

Ukiwa bado unalitamani lile la Uingereza, lijaribu hivi. Angalia namba ya kiwanda: la 1972 lililozaliwa na injeksheni huanza kwa herufi CP, na lililozaliwa na kabureta za Marekani huanza kwa CC. Ukikuta CP yenye kabureta, ujue limeng'olewa viungo, na bei ishuke. Kisha waombe walikupe likiwa na petroli robo tangi, si tangi lililojaa. Liendeshe nusu saa nzima, katikati ya mji, siku ya jua. Lizime. Kunywa chai dakika kumi. Liwashe tena, na mwambie muuzaji anyamaze wakati wewe umeweka sikio kwenye buti. Pampu ikilalamika kama mbu, au ukisikia harufu ya petroli, mrudishie funguo zake. Na kwa gari lolote kati ya hayo mawili, uliza mipira ya njia ya petroli ilibadilishwa lini, kwa sababu tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huchanganywa na alkoholi hadi asilimia 10, na mipira ya mwaka 1972 haikutengenezwa kwa kinywaji hicho.

Hoja ya mkeo sikuijibu, kwa kuwa yeye hakuniandikia. Akiandika, barua yake nitaisoma hapa hapa.